Waya Muzima Katika Jengo la Kompresa

"Ukibonyeza hapo, dada yangu, utajuta."

Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi iliyopita, na najua wapo walionitukana. Haya, nimerudi. Ronny bado amesimama kwenye mlango wa kontena la ofisi, mabega yameziba mwanga. Annonciata bado amekaa mbele ya kompyuta ya watu, kidole kiko juu ya kitufe. Saa ya ukutani inasema saa saba na dakika kumi mchana. Saa nane kamili faili linafungwa, na jina lililopigiwa mstari mwekundu humo ndani ni la kaka yake, Gustave.

Akabonyeza.

Ngoja kidogo, kuna wageni leo. Mgeni, sogea nikumegee. Hapa ni nje kidogo ya Birmingham, mahali walipokuwa wakijaribia injini za ndege za jeti enzi hizo. Siku hizi hakuna injini wala ndege, kuna majengo makubwa ya mitambo yanayobomolewa chuma kwa chuma. Kwenye jengo la kompresa, lenye mashine zinazozidi basi kwa ukubwa, wiki sita zilizopita fundi umeme Mkenya aitwaye Eric alikata waya uliokuwa na umeme. Mkono wa kulia uliungua vibaya. Eric ni mchumba wa Annonciata. Na kabla hajakata, Gustave, anayefanya kazi saiti hiyo hiyo, alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kwenye simu.

Alisema nini? Simu ya Gustave ilichukuliwa na kampuni. Msimamizi Ronny, Mkenya kama Eric na mwenye kampuni iliyomwajiri, ndiye aliyewatafsiria wakubwa: Gustave alisema waya umezima. Habari ikafika kanisani Hockley kabla ya sadaka. Annonciata akalitoa begi la kaka yake, mtoto wa mama mmoja, akaliweka barabarani, mvua inanyesha.

Sasa ndiyo mara yake ya kwanza kuusikia huo ujumbe. Sauti ya Gustave ikajaa kwenye kontena, safi, haina hata mkwaruzo.

"Eric, câble ni muzima. Unanisikia? Ni muzima kabisa. Minakuja."

Akarudisha nyuma. Ni muzima kabisa. Akarudisha tena. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Muongo wewe!" alimwambia Ronny. "Ulituambia kanisani kwamba yaya, kaka yangu Gustave, alisema imezima!"

"Kwani amesema nini?"

"Amesema muzima!"

"Si ndiyo hiyo hiyo?" Ronny alitabasamu. Jitu lina roho ngumu hili, jamani! "Muzima, imezima, kuzima. Lafudhi yenu tu ndiyo imepinda."

Annonciata alitaka kumrukia. Lakini nyuma ya Ronny mlango ulisukumwa, akaingia Rajni.

Rajni ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Birmingham, mkuu wa usalama wa kampuni inayobomoa. Ndiye aliyemfungulia Annonciata ile sauti, kisha akaitwa nje. Mtu mwenye huruma, ila huruma yake inaishia pale karatasi inapoanzia. Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Aliyoyasema aliyasema kwa Kiingereza, mimi nakupa kwa lugha yetu tusichelewe.

Nyuma yake aliingia Gustave, kofia ya kazi mkononi. Wiki sita hawajaonana hawa ndugu. Amekonda. Alimtazama dada yake mara moja, kisha akatazama viatu vyake.

"Umesikia?" Rajni alimuuliza Annonciata.

"Nimesikia. Kaka yangu hakusema waya umezima. Alisema uko hai! Una umeme!"

Rajni akamgeukia Ronny. "Wewe uliniandikia kwamba amesema umezimwa."

"Na bado nasema hivyo, madam. Chukua simu yako. Andika Z, I, M, A."

Rajni akatoa simu, akaandika. Simu, kwa ujinga wake wote, ikamjibu kwamba zima ni kuzima taa, kuzima mashine.

Umeona hiyo? Msomaji wa huku hahitaji kuambiwa kwamba mtu mzima si mtu aliyezimwa. Lakini kamweleze Rajni! Neno moja, Waswahili wawili, majibu mawili, na simu imekaa upande wa muongo.

"Kwetu Bukavu muzima ni mutu mwenye hajafa!" Annonciata alisema, Kiingereza kimemkimbia chote. "Kitu chenye kufanya kazi! Yaya, muambie!"

"Nilimwambia ile siku ya kwanza," Gustave alijibu kwa sauti ndogo. "Hata wewe nilikuambia. Ulinifungia mlango."

Maneno yakamwingia Annonciata barabara. Alifungua mdomo kuomba radhi, lakini Ronny alishadakia.

"Madam, huyu ni dada wa mshtakiwa. Lazima atasema hivyo. Mwulize aliyeungua, yeye hana ndugu hapa."

Hapo Annonciata akashusha pumzi. Ee, kwa nini hakuwaza mapema? Eric! Mwanamume wake! Miaka miwili anakula mezani kwao kila Jumapili. Eric akisema neno moja tu, mambo yamekwisha.

"Yuko njiani," alisema. "Tumsubiri. Yeye atawaambia."

Eric alifika saa saba na nusu, ametokea Perry Barr kwa mabasi mawili, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Alimbusu Annonciata shavuni. Alimpa Ronny salamu ya kichwa. Gustave hakumpa chochote.

Rajni akaifungulia ile sauti mbele yake. Ni muzima kabisa. Minakuja.

"Eric," Rajni alisema, "kwa lugha yako, hilo neno maana yake ni nini?"

"Mwambie, babe," Annonciata alisema, tayari anatabasamu. "Muambie muzima ni nini."

Eric alimeza mate. Akamwangalia Ronny. Akaangalia bendeji yake.

"Mimi ninavyojua," alisema polepole, "ni kuzima. Off."

Annonciata alidhani amesikia vibaya. "Unasema?"

"Babe, mimi ni Mkenya. Kwetu ni hivyo."

"Kwenu ni hivyo?"

"Ni makosa ya lugha tu. Sina ubaya na Gustave. Lakini nilisikia off, nikakata."

Huyu ndiye Eric aliyekuja na kuku wawili na mjomba wake kujitambulisha! Huyu ndiye aliyemwimbia mama yake kwa simu hadi Bukavu! Gustave hakushangaa hata kidogo, aliigeuzageuza kofia yake tu mikononi.

Rajni akaandika. "Basi," alisema kwa uchovu, "mashahidi wawili dhidi ya ndugu wawili. Na hata neno lingekuwa na maana nyingine, sheria ya saiti ni kwamba taarifa za umeme zinatolewa kwa Kiingereza. Gustave, nitalazimika kufunga faili hili na jina lako. Kutoka kwangu linakwenda polisi."

Na Gustave ni mkimbizi ambaye makaratasi yake yanapitiwa mwezi ujao. Hakuna aliyelisema hilo kwa sababu kila mtu mle ndani alilijua.

Annonciata hakulia tena. Anaosha na kulisha wazee kwenye nyumba moja ya Kings Heath, kazi inayomfundisha mtu kuzificha hasira na kutabasamu. Alikaa. Akajikunyata. Akasugua magoti.

"Baridi ya hapa itaniua," alisema kwa Kiswahili, kama anayejisemea. "Eric, tazama hiyo chauffage hapo chini ya miguu yako. Iko muzima?"

Eric aliinama, akapeleka mkono wa kushoto kwenye hita ya umeme iliyokuwa chini ya meza.

"Iko muzima," alijibu. "Ongeza tu namba, babe."

Halafu akabaki ameinama vile vile.

Aa! Amekwisha! Miaka miwili ya Jumapili za Wakongomani haitoki kichwani kwa wiki sita. Birika ni muzima, redio ni muzima, hita ni muzima, kajizoesha mwenyewe na kila siku anasema bila kufikiri.

Hakuna aliyehitaji kutafsiri. Rajni alikuwa amelisikia lile neno mara kumi na tano tangu saa saba. Alisimama, akazunguka meza, akachungulia chini. Taa nyekundu ya hita ilikuwa inawaka, na joto lilikuwa linampuliza Eric usoni.

"Muzima," Rajni alisema mwenyewe, kwa matamshi ya ajabu kabisa. "Ronny. Nenda nje."

"Madam, hiyo ni..."

"Nje!"

Ronny akatoka, akaubamiza mlango. Ulijirudia na kubaki umeegama tu.

"Neno nimelielewa," Rajni alisema. "Sasa nataka kuelewa mtu. Eric, uliambiwa waya una umeme. Kwa nini uliukata? Nina karatasi hapa iliyosainiwa na Ronny inayosema swichi ilizimwa na kufungwa kwa kufuli lako. Karatasi hiyo ikibaki bila mtu wa kuipinga, wakubwa wangu wataiamini hiyo, si hita. Nina dakika ishirini."

Eric akainuka kutoka chini ya meza. Alimgeukia Annonciata, akahamia Kiswahili, haraka haraka, na mikono yote miwili, wa bendeji na usio wa bendeji, akaiweka mezani.

"Babe, nisikize. Hii kitu si vile unafikiria."

"Iko vipi basi?"

"Nilijua ni muzima. Sawa? Nilisikia poa kabisa. Nikampigia Ronny. Nikamwambia, Gustave anasema iko na stima. Akaniambia, huyo Mkongomani hajui kitu, nimezima mimi mwenyewe, kata. Nikakata."

"Na kufuli yako?"

Eric akafunga macho. Nikueleze hili la kufuli kwa mstari mmoja: kila fundi pale ana kufuli lenye jina lake, anaizima swichi mwenyewe, anaifunga mwenyewe, ufunguo analala nao mfukoni. Hakuna kumfungia mwenzako. Hilo ndilo linalokurudisha nyumbani na vidole vyako.

"Nilimpa Ronny," alisema. "Chumba cha swichi kiko mwisho wa saiti, ni dakika kumi na tano kutembea. Akasema nipe, nakufungia. Tulikuwa tunafanya hivyo kila siku, Anno! Kila siku! Siku hiyo hakwenda. Alikuwa anakunywa chai. Kufuli ilikuwa kwa jaketi yake."

"Mungu wangu."

"Alikuja hospitali kabla yako. Akaniambia, sema imezima, Kiswahili chao nani anakijua."

"Na wewe ukakubali."

"Viza yangu ya kazi iko chini ya kampuni ya Ronny! Ronny akianguka, mimi napanda ndege. Harusi yetu je? Hukuona nilikuwa naiokoa harusi yetu?"

"Kwa kumuuza kaka yangu!"

"Gustave hana mke. Hana kitu cha kupoteza."

Alilisema hilo mbele ya Gustave mwenyewe, msomaji, mita moja kutoka puani mwake! Gustave akacheka. Kicheko kifupi, hakina furaha.

"Nilikuwa na dada," alisema.

Annonciata akashika mdomo. Wiki sita. Alimlaza kaka yake kwenye makochi ya watu, akamwombea msamaha kanisani kama mtu aliyeua, huku aliyestahili maombi anakaa kiti cha mbele na bendeji yake, watu wanambebea sahani.

"Yaya, unisamehe," alisema. "Niliamini mtu."

"Ulimwamini kushinda mimi."

"Ndiyo. Nilikosa."

Gustave alivuta kiti, akakaa upande mmoja wa meza na dada yake, na Annonciata akalihesabu hilo kuwa ni kitu.

Kisha akamgeukia Eric, sauti imebadilika.

"Mwambie Rajni. Hayo yote uliyoniambia. Kwa Kiingereza."

"Siwezi."

"Basi nitamwambia mimi."

Macho ya Eric yakabadilika. Mimi nimeandika hadithi nyingi, nawaambia ukweli, mtu anayekugeuka kwa mara ya pili huwa hana haya ya mara ya kwanza.

"Mwambie," alisema kwa upole. "Lakini mwambie na mengine. Mwambie nani alifanya ile induction ya Gustave."

Annonciata alikumbuka mara moja.

Mafunzo ya kuingilia saiti! Maswali hamsini kwenye mtandao, ya usalama, ya umeme, ya alama za hatari, yote kwa Kiingereza. Gustave alikuwa amefika kutoka kazi nyingine amechoka hajiwezi, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu. Annonciata ndiye aliyekaa jikoni kwake na simu, akajibu swali baada ya swali kwa jina la kaka yake. Na nani alikuwa amekaa pembeni anamtajia majibu, anatafuna sambusa, anasema "hiyo ni C, babe, hiyo ni C"? Eric.

"Ulikuwepo," alimnong'oneza. "Wewe ndiye ulinitajia!"

"Nani ataamini? Simu ni yako. Kidole ni chako. Rajni akijua Gustave hakufanya hayo mafunzo, basi hakustahili hata kuvuka geti, na ajali yote inamrudia. Na wewe pia uko ndani. Umefikiria kazi yako na wale wazee?"

"Eric."

"Nyamaza tu, Anno. Tuseme ni makosa ya lugha. Hakuna mtu mbaya. Nitaongea na Ronny amtafutie Gustave kazi nyingine. Mwezi wa nane tunaoana."

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika saba. Rajni alikuwa ameegemea kiti chake muda wote huo, macho yanahama kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, haambulii hata neno moja. Akagonga kalamu mezani.

"Amezungumza muda mrefu," alimwambia Annonciata. "Amesema nini?"

Kontena zima likamsubiri yeye. Akisema nusu, Eric atamalizia nusu nyingine. Akinyamaza, kaka yake anakwenda polisi na jina la mtu aliyemuunguza mwenzake. Akisema yote, Gustave anaweza kwenda huko huko kwa njia nyingine, na yeye nyuma yake.

Alimtazama Gustave. Gustave alikuwa ameelewa kila kitu. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko nyuso zote mle ndani.

"Anno," alisema, "leo usifiche neno hata moja."

Annonciata akavuta pumzi.

"Andika," alimwambia Rajni. "Amesema mambo mawili. La kwanza linamhusu Ronny."

Akalisema lote. Kufuli, chai, simu, hospitali, viza. Rajni aliandika bila kuinua kichwa, ukurasa ukajaa, akafungua mwingine. Eric alikuwa anatikisa kichwa, anasema "no, no, she's twisting it," na hakuna aliyemsikiliza.

"La pili," Annonciata alisema, "la pili linanihusu mimi. Yale mafunzo ya Gustave, yale ya kwenye mtandao..."

Rajni akaweka kalamu chini.

"La pili usijisumbue," alisema. "Nalijua. Kwa nini unafikiri jina la kaka yako lilipigiwa mstari mwekundu?"

"Unalijua? Nani alikuambia?"

Rajni aliigeuza kompyuta. Ilikuwa barua pepe, mistari minne, imeandikwa kwa kidole kimoja na makosa mengi. Ilisema Gustave hakufanya mafunzo yake, yalifanywa na dada yake jikoni, jina la dada ni hili, anafanya kazi mahali hapa. Chini ilikuwa imesainiwa Eric. Alikuwa ameomba isitajwe kwamba ni yeye.

Annonciata alisoma tarehe. Akaisoma tena, akahesabu kwa vidole. Siku ya tatu baada ya ajali. Siku hiyo aliomba ruhusa kazini, akapika uji wa mtama, akaubeba kwenye chupa hadi hospitali na kumnywesha Eric kijiko kwa kijiko kwa sababu mkono haukushika kitu. Eric alikuwa amemwambia, huku uji unamtiririka kidevuni, kwamba duniani hana mtu mwingine ila yeye.

"Uliandika kabla ya uji," alimuuliza, "au baada?"

Eric alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akauvuta ule mlango ulioegama kwa mkono wa kushoto ili atoke.

Hakutoka. Ronny alikuwa amesimama pale pale nje, kikombe cha chai mkononi, na Kiswahili Ronny anakijua vizuri kabisa: alikuwa amesikia kila neno la Eric tangu mwanzo.